Maji Matamu ya Chundwa na Chumvi Irudiyo Baharini

Hakuna mwenye insafu atakayethubutu kuwaambia wakazi wa Chundwa, mji wa kisiwani Pate ambao baadhi ya ramani huuita Tundwa, kwamba samaki ni bora kuliko maji ya kunywa. Kisiwa hicho hakina mto. Wenyeji wake, sawa na jirani zao wa Faza, Siyu na Kizingitini, tangu jadi wametegemea visima na majabia, yaani mabirika makubwa ya kukingia maji ya mvua. Mvua zikikosekana, kama ilivyokuwa katika ukame wa 2020 hadi 2023, jabia hubaki sakafu tupu. Nacho kisima kikichotwa kupita kiasi huingia chumvi, kwa kuwa maji matamu ya kisiwani huelea juu ya maji ya bahari. Haja ya miradi mipya, basi, haina ubishi. Lenye ubishi ni anayelipa gharama isiyoandikwa katika bajeti.

Aghalabu gharama hiyo hulipwa na viumbe walio mbali na bomba. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 ili kuipatia Nairobi maji, huyazuia maji ya Mto Thika, ambao huingia Mto Tana. Nao Tana humwaga maji matamu na rutuba katika Ghuba ya Ungwana, kusini mwa visiwa vya Lamu, wanakokulia kambamiti. Mnywaji wa Nairobi hamjui mvuvi wa Kipini. Kisiwani Pate hali ni tofauti: anywaye ndiye avuaye, au ni nduguye.

Mwaka 2018 shirika la GivePower la Marekani liliweka huko Kiunga, kaskazini mwa Pate, mtambo wa nguvu za jua wa kuondoa chumvi katika maji. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, mitambo ya aina hii hutoa maji ya namna mbili: matamu yanayokwenda kwa watu, na mengine yenye chumvi kali ambayo sharti yatupwe mahali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa mitambo ya dunia nzima ilizalisha kila siku mita za ujazo milioni 95 za maji matamu na milioni 142 za maji ya chumvi kali. Zaidi ya nusu ya hayo ya pili yalitoka Saudia, Falme za Kiarabu, Kuwait na Qatar.

Maji hayo ni mazito, hivyo huzama na kutambaa chini, kwenye majani ya bahari. Watafiti wa Uhispania wamebaini kwamba aina moja ya majani ya Mediterania hudhoofika hata chumvi ikizidi kidogo tu. Majani ya Lamu ni ya aina nyingine, na yamkini mengine ni sugu zaidi. Lakini ndiyo malisho ya tafi, kasa na nguva, na hapana busara kuyajaribia kwanza na kuuliza baadaye. Mtambo mdogo unaomwaga kwenye bahari wazi huenda usidhuru kitu. Mtambo huohuo ukimwaga ndani ya hori lenye mikoko, wanamolelewa vifaranga wa samaki, ni jambo jingine. Wakati wa bamvua hori husafishwa na mkondo. Wakati wa maji mafu chumvi hukaa palepale kwa siku kadhaa. Mvuvi wa Pate analijua hilo bila kifaa chochote.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohusika. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini kabla ya mradi, na Katiba ya 2010 inadai ushiriki wa umma. Mwezi Juni 2019 mahakama maalumu ya kitaifa ya mazingira ilibatilisha leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu, sababu mojawapo ikiwa ni kutoshirikishwa kwa wananchi ipasavyo. Lakini mtu atashirikije katika ripoti ya Kiingereza ya mamia ya kurasa? Hata istilahi ni mtihani: atakayeyaita mabaki hayo "majitaka" atawafanya wazee wafikirie vyoo, na atakayesema "maji ya chumvi" atajibiwa kwamba bahari nzima ndiyo hiyo. "Maji ya chumvi kali" yangefaa, maadamu yanafafanuliwa. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wahandisi, ilhali vyuo vina idara za Kiswahili na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka.

Chundwa ikipangiwa mradi, majabia ya zamani yakarabatiwe kwanza, kwa kuwa jabia haliidai bahari kitu. Panapohitajika mtambo, muhtasari wa tathmini uandikwe kwa Kiswahili chenye bamvua na maji mafu ndani yake, usomwe hadharani kabla ya leseni kutolewa, na mkutano uanze na bomba la kutokea: litaishia wapi, na litafunguliwa siku zipi za mwezi?