Tuliotundika daluga nasi tupewe upinde

UKIPITA Camp Toyoyo, mtaani Jericho, siku ya Jumapili, utawakuta vijana wakifukuzana na mpira huku mashabiki wakipiga mayowe. Ni jambo la kupendeza. Lakini hebu geuza macho uwatazame wale waliosimama kando. Wengi ni wanaume wa miaka arobaini na kuendelea, na vitambi vimewatangulia. Zamani wao ndio waliokuwa uwanjani. Leo kazi yao ni kukosoa refa, kisha kwenda kuketi mahali penye nyama na chupa mpaka usiku uingie.

Mimi ni mmoja wao, kwa hivyo simcheki mtu. Mwenzangu niliyecheza naye kandanda ujanani alitundika daluga akiwa na miaka 31 na kufungua duka. Alipofika miaka 47 akapatwa na kiharusi. Hakuwa amepimwa presha hata siku moja. Upande wake wa kulia haumsikii tena, na kutwa nzima huketi mlangoni akiwatazama wapita njia.

Masaibu yake si ya ajabu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini ana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Isitoshe, karibu wanawake wanne kati ya kila kumi walikuwa na uzani uliopita kiasi. Maradhi haya hayabishi hodi. Huingia kimya kimya wakati tunapoacha kucheza.

Na kwa nini tunaacha? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu mitaa yetu ya Eastlands, kutoka Kaloleni hadi Kayole, ina michezo ya vijana peke yao. Soka inataka mbio na ndondi zinataka ubavu. Ukishapita umri huo, au ukiwa mama wa watoto watatu, au ukiwa mlemavu, huna lako uwanjani. Ndiyo maana leo napendekeza mchezo ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji, nao ni upinde na mishale.

Sisemi ule upinde tunaouona katika Michezo ya Olimpiki peke yake, ambapo mtu husimama pahali pamoja na kulenga shabaha iliyo umbali wa mita 70. Nasema upinde wa porini. Katika mchezo huu, shabaha hutawanywa msituni, mabondeni na vilimani, na wachezaji huenda kwa vikundi vidogo wakitoka shabaha moja hadi nyingine. Katika mashindano ya kimataifa, mzunguko mmoja huwa na shabaha 24, na kila mchezaji hupiga mishale mitatu kwa kila moja. Shabaha nyingine iko hatua chache tu mbele yako, nyingine iko mita 60 ng'ambo ya bonde. Katika baadhi ya mizunguko hauambiwi umbali. Sharti uukadirie kwa jicho lako mwenyewe. Pengine unalenga ukielekea juu, pengine chini, mguu mmoja ukiwa juu ya jiwe.

Faida yake kwa mwili ni rahisi kuipigia hesabu. Mishale mitatu mara 24 ni mishale 72. Ikiwa upinde wako unahitaji nguvu za kilo 15 kuuvuta, basi kufikia mwisho wa siku umevuta kilo 1,080, sawa na magunia 12 ya mahindi ya kilo 90. Lakini hukuyabeba kwa mkupuo. Umeyavuta kidogo kidogo, huku ukitembea, ukipanda na kushuka, ukisimama na kupumua. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya mgongo na mabega, ambayo ndiyo hulegea kwa sisi tunaoinama siku nzima juu ya cherehani, usukani au meza ya ofisi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mzunguko mmoja wa upinde wa porini huchukua saa kadhaa, na unampa mtu matembezi na nguvu kwa pamoja.

Najua kuna atakayeniuliza: "Bwana, sisi hutembea kila siku kutoka Makongeni na Mukuru hadi Industrial Area. Unatuongezea matembezi ya nini?" Swali hilo ni la haki. Anayekwenda kazini kwa miguu hana haja ya kufunzwa kutembea. Lakini kutembea ukiwaza kodi ya nyumba na karo si sawa na kutembea ukicheza. Upinde haukubali mawazo mawili. Ukivuta uzi huku ukimfikiria mwenye nyumba, mshale utakwenda kwake wala si kwenye shabaha! Utulivu huo wa dakika chache, ukirudiwa tena na tena, ni pumziko ambalo wengi wetu hatulipati hata kitandani.

Wengine watasema kuwa huu ni mchezo wa wageni. Hapo nakataa katakata. Wakamba, ambao wengi wao ni majirani zetu hapa Eastlands, walisifika kwa upinde tangu enzi za mababu. Waliangulu wa maeneo ya Tsavo walitumia pinde zilizohitaji zaidi ya kilo 45 kuzivuta. Serikali ya kikoloni iliendesha msako mkali dhidi ya wawindaji hao wa ndovu katika miaka ya 1956 na 1957, na mwaka wa 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Marufuku hiyo ilikuwa ya busara, kwani wanyama walikuwa wanamalizwa. Lakini pamoja na uwindaji, ustadi wa mikono na macho nao ukaanza kusahaulika. Upinde wa porini unaturudishia ustadi huo bila kumwaga damu, maana kinachopigwa ni karatasi au sanamu ya sponji.

Wala hatukosi wa kuigwa. Katika Olimpiki za Rio mwaka wa 2016, aliyebeba bendera yetu wakati wa ufunguzi alikuwa Shehzana Anwar, mwanadada wa Kenya anayecheza mchezo huu wa upinde. Mcheza kwao hutuzwa, lakini ni watoto wangapi wa Umoja au Dandora waliowahi kuushika upinde halisi?

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba mchezo huu haumtupi mlemavu. Mnamo Julai 29, 1948, Daktari Ludwig Guttmann aliwakusanya watu 16 katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, wakiwa kwenye viti vya magurudumu, wakashindana kulenga mishale. Kutokana na siku hiyo ikazaliwa michezo ya walemavu tunayoijua leo. Mwaka wa 1984 Neroli Fairhall wa New Zealand alishiriki Olimpiki za Los Angeles akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Na mwaka wa 2024, Mmarekani Matt Stutzman, aliyezaliwa bila mikono, alitwaa dhahabu jijini Paris akivuta upinde kwa mguu. Wako pia wenye mkono mmoja wanaovuta uzi kwa meno.

Hata hivyo, mshale si mpira. Siungi mkono mtu yeyote aende kurusha mishale katika viwanja ambamo watoto hukatiza wakienda dukani. Ndiyo maana napendekeza mpango wa hatua mbili. Kwanza, mafunzo yafanyiwe ndani ya kumbi za kijamii kama za Kaloleni na Jericho, kwa umbali mfupi, pakiwa na wavu nyuma ya shabaha na mkufunzi anayeamuru lini kupiga na lini kwenda kuchomoa mishale. Umbali wa mita 18 unatosha hata kwa mashindano ya dunia ya ndani ya ukumbi. Pili, mara moja kwa mwezi wachezaji wapande matatu waende kushindana nje ya mji, kila mara mahali tofauti: leo kwenye miamba ya Lukenya, mwezi ujao milima ya Mua, kisha kwenye baridi ya Limuru. Bila shaka wenye ardhi waombwe ruhusa kwanza. Mwishoni mwa mwaka, alama za mtaa kwa mtaa zijumlishwe. Buruburu wakiwashinda Bahati, hapatakuwa na haja ya kuwahimiza watu kufanya mazoezi.

Serikali ya kaunti haihitaji kujenga uwanja mpya. Inachohitajika ni kufungua milango ya kumbi, kununua pinde chache za kutumiwa kwa zamu, na kuweka muuguzi mwenye kipima presha mlangoni. Kila anayekuja kucheza apimwe kwanza. Hapo tutakuwa tumewapata wanaume wale ambao hawaendi kliniki mpaka wabebwe.

Kwa wale ambao tayari wana presha, nasaha yangu ni hii: muone daktari kabla ya kuanza, wala usiache dawa zako. Anza na upinde mwepesi, na usibane pumzi unapovuta, kwani kubana pumzi hupandisha shinikizo. Nyoosha mabega kwanza. Usiachilie uzi pasipo mshale, maana upinde waweza kuvunjika na kukuumiza.

Nilipomweleza mwenzangu yule habari za Stoke Mandeville, alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza iwapo mtu anaweza kufunzwa kulenga kwa mkono wa kushoto. Nilimjibu kuwa inawezekana. Akaniuliza ni wapi. Hapo sikuwa na jibu, na nadhani walio na funguo za kumbi zetu ndio wanaopaswa kumjibu.