Vazi la Karate na Stara ya Binti Zetu



Wazazi waheshimiwa, na hususan akina mama na mabinti zetu. Nimeulizwa zaidi ya mara moja swali lililo sawa. Binti alianza karate akiwa na miaka minane, akaipenda, siha yake ikatengemaa. Sasa amebaleghe, na mama anataka kumtoa. Akiulizwa sababu, mama hautaji mchezo, huitaja nguo. Koti hufunguka kifuani, suruali humbana anapochutama, mtandio humvuka kichwani. Mtoto mwenyewe amekuwa akisimama nyuma ya wenzake, mkono mmoja umeishika shingo ya koti.

Jawabu langu ni hili: kabla ya kumtoa mtoto, itengenezeni nguo. Dini yetu imehimiza stara, na imehimiza pia siha na nguvu za mwili. Haifai kulivunja moja kwa kisingizio cha jingine, ilhali dawa iko kwa fundi cherehani.

Wako wanaodhani kwamba vazi hili halibadiliki. Sivyo. Jigoro Kano alipoasisi judo mjini Tokyo mwaka 1882, wanafunzi wake walivaa mikono mifupi na suruali fupi. Baadaye vyote viwili vikarefushwa, kwani viwiko na magoti vilikuwa vikichubuka. Gichin Funakoshi alipoitoa karate kwao Okinawa na kuionyesha Tokyo mwaka 1922, alifuata mfano wa vazi la judo, lakini kwa kitambaa chepesi zaidi. Basi nguo hii tangu asili imekuwa ikirekebishwa kwa haja ya mvaaji, na haja ya binti zetu nayo ni haja.

Tuanze na kitambaa. Uzito wake huhesabiwa kwa wakia. Lenye wakia saba au nane ni jepesi, na lenye kumi na mbili au zaidi ni zito. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, mtoto anayejifunza amtosha jepesi, maadamu halionyeshi mwili likilowa jasho. Lijaribuni kwa maji kabla ya kulipa, ikiwa muuzaji ataridhia. Kama si hivyo, tieni mkono ndani yake na mtazame kwenye mwanga wa jua.

Pamba tupu hurudi, yaani hupungua urefu na upana, ikifuliwa. Kwa hiyo msimpelekee fundi koti jipya. Lifueni kwanza mara mbili au tatu, likauke, ndipo lipimwe. Kufua huko pia huondoa ule ukavu wa nguo mpya unaochubua shingo na makwapa. Baada ya hapo tumieni maji baridi, na dawa ya kung'arisha iwekeni mbali, kwa kuwa hula nyuzi za pamba.

Kisha ukataji. Nguo ikimbana mtoto, wengi hununua kubwa zaidi, na hapo huongeza tatizo: mikono hufunika vidole, na kidole kikinasa katika nguo ya mwenzake huweza kuteguka. Fundi wa kanzu anajua dawa. Atie kikwapa kipana chini ya mkono, na kipande kama hicho katika maungio ya miguu ya suruali. Koti likibana nyongani, aongeze taharizi ubavuni. Urefu wa ziada ukunjwe ndani na kushonwa kwa mkono, ili mwakani ufumuliwe mtoto akirefuka. Kipimo ni chepesi: ainue mikono yote miwili juu, achutame kabisa, kisha apige teke la mbele. Koti likipanda hadi kiunoni, au suruali ikivuta, nguo haijawa tayari.

Kuhusu kifua, koti hulazwa upande wa kushoto juu ya wa kulia, kwa wanaume na wanawake. Huko Japani, kinyume chake ni uvazi wa maiti. Kamba za ubavuni zishonwe imara, na yaongezwe mafundo mengine ya kamba ndani. Vifungo vya chuma au plastiki visitumike, maana huumiza mtu akianguka. Ndani avae fulana nyeupe yenye shingo ya juu. Hata kanuni za Shirikisho la Karate la Dunia zinamruhusu mwanamke kuvaa fulana nyeupe isiyo na mapambo. Mshipi uzungushwe kiunoni mara mbili na kufungwa juu ya nyonga, bila ya kukaza tumbo hata akashindwa kuvuta pumzi.

Kichwani, pini zote zitolewe. Kitambaa chenye kuvutika, cha kuvaliwa kama kofia bila ya kufungwa, ndicho salama. Ncha zake ziingie ndani ya koti, na kisikabe koo. Mwenye nia ya kushindana amuulize mwalimu mapema, kwani mashindano ya kimataifa hukubali aina maalumu tu.

Wala asiambiwe binti kwamba stara na ushindi havikutani. Mwaka 2012, katika Olimpiki ya London, ulizuka mjadala mkubwa juu ya kitambaa cha kichwani cha Wojdan Shaherkani, mcheza judo wa Saudi Arabia. Mwishowe akaruhusiwa kushindana akiwa na kofia ya kubana. Miaka minne baadaye, mjini Rio, Hedaya Malak wa Misri alitwaa medali ya shaba ya taekwondo hali ya kuwa amejifunika, na akaitwaa tena katika michezo ya Tokyo.

Enyi akina baba, jambo hili msiliache kwa mama peke yake. Ujira wa fundi ni mdogo ukilinganishwa na kile anachokipoteza mtoto akitolewa. Na kabla ya kumkatia shauri, mkalisheni binti na mmuulize: wapi panakubana, wapi panafunguka? Huenda akataja sehemu mbili tu, na zote mbili zikamalizwa na sindano.

Wabillahi tawfiq.