Nani Amlipe Mchunguzi wa Siasa?

Wako watu wadhanio kwamba chama cha wasomi ni baraza la kunywa chai na kusomeana makaratasi. Dhana hiyo haikosi ukweli, maana mikutano ya namna hiyo ipo, tena si haba. Lakini chama cha wasomi wanaochunguza siasa hakiwezi kubaki baraza la chai siku nyingi. Kinachochunguzwa ni mamlaka, na wenye mamlaka hawana desturi ya kukaa kimya wanapochunguzwa: ama humtisha mchunguzi, ama humkaribisha mezani. Historia ya Chama cha Sayansi ya Siasa cha Marekani yaonyesha kuwa kukaribishwa mezani kwaweza kuwa na hatari kubwa kuliko vitisho.

Chama hicho kiliundwa tarehe 30 Desemba 1903 katika mji wa New Orleans. Rais wake wa kwanza alikuwa Frank Goodnow, bingwa wa elimu ya utawala, na mwaka 1906 kilianza kutoa jarida lake ambalo lingali likitolewa hadi leo. Shabaha ilikuwa kuifanya elimu ya serikali iwe taaluma inayojitegemea, badala ya kuwa tawi dogo la historia na sheria. Hapana shaka shabaha hiyo ilikuwa njema.

Hata hivyo, elimu hiyo pekee haikutosha kumfanya mtu awe mwadilifu. Woodrow Wilson alikuwa profesa wa siasa, akawa rais wa chama hicho mwaka 1909, kisha akawa Rais wa Marekani kuanzia 1913 hadi 1921. Katika mwaka wake wa kwanza madarakani, watumishi weusi wa serikali kuu waliokuwa wakifanya kazi bega kwa bega na wenzao weupe walianza kutengewa vyumba, meza za kulia na hata vyoo. Mwaka 1915 majeshi yake yaliingia Haiti na kuikalia. Mtumishi wa serikali asomaye habari hizi yafaa ajiulize ni waraka wa namna gani uliopita juu ya meza za ofisi zile, na ni nani walioutia sahihi bila ya kuuliza neno.

Ilipita miaka hamsini tangu chama kuundwa kabla ya mtu mweusi kukiongoza. Huyo alikuwa Ralph Bunche, aliyechaguliwa kwa kipindi cha 1953 hadi 1954. Jina lake lina uhusiano na sehemu hizi za dunia kuliko wengi wajuavyo. Mwaka 1937 alipokuwa London akijiandaa kwa safari ya utafiti Afrika, alijifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta. Baadaye aliongoza idara ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia nchi za udhamini, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Mwaka 1949 alikataa cheo kikubwa katika Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Marekani, kwa kuwa hakutaka kuirudisha familia yake katika ubaguzi wa mji wa Washington. Ni wasomi wachache wanaokikataa cheo kwa sababu ya namna hiyo.

Jambo lililokitikisa chama lilizuka mwaka 1967. Ilifichuliwa kwamba mkurugenzi mtendaji wake, Evron Kirkpatrick, pamoja na mtunza hazina wake, Max Kampelman, walikuwa pia viongozi wa taasisi ya utafiti iitwayo Operations and Policy Research, na kwamba taasisi hiyo ilikuwa imepokea fedha za shirika la ujasusi la CIA kwa kupitia mifuko ya hisani. Kamati ya marais wa zamani wa chama iliteuliwa kulitazama jambo hilo. Kirkpatrick hakuondoka, alibaki na kazi yake hadi 1981.

Watetezi walisema kwamba utafiti ulikuwa wa kweli na kwamba hakuna aliyeamriwa aandike uongo. Huenda ndivyo, lakini hoja hiyo haigusi kiini cha jambo. Mwenye fedha hana haja ya kununua jibu ikiwa amekwisha kununua swali. Msomi anayelipwa kuchunguza kwa nini wakulima wa nchi fulani huipinga serikali yao aweza kuandika ukweli mtupu, na ukweli huo ukasomwa kwanza na wale watakao kuwanyamazisha wakulima hao.

Septemba ya mwaka huo huo, katika mkutano mkuu uliofanyika Chicago, wanachama waliochukizwa waliunda kundi lao la kudai sayansi mpya ya siasa. Walilalamika kwamba vita vya Vietnam, umaskini na moto uliokuwa ukiwaka katika mitaa ya watu weusi havikupewa nafasi ya kutosha katika kazi za chama. Kelele zao hazikwenda bure. Mwaka 1968 ilitolewa ripoti juu ya maadili ya taaluma, na mwaka 1969 rais wa chama, David Easton, alikiri katika hotuba yake kwamba mapinduzi mapya yalikuwa yamebisha hodi.

Wasomi wa Kiafrika hawakungoja kualikwa. Mwaka 1973 waliunda chama chao cha bara zima la Afrika, na mahali walipokiundia ni Dar es Salaam. Ugumu uliobaki ni ule ule wa fedha. Hata mafunzo ambayo chama cha Marekani kilianza kuwaandalia wasomi vijana wa Afrika mwaka 2008 yaligharimiwa na mfuko wa hisani wa Kimarekani uitwao Mellon. Msaada huo ulitajwa hadharani, na hiyo ndiyo tofauti yake na mambo ya 1967. Lakini msaada uliotajwa bado ni msaada, na aliyeutoa aweza kuusimamisha siku yoyote apendayo.

Wale waliosimama Chicago walikuwa na haki ya kusema kwa sababu walikuwa wanachama waliolipa ada zao. Mwalimu wa somo la uraia au bwana mipango wa wilaya hadhaniwi kuwa mtu wa kujiunga na chama cha namna hiyo. Mambo hayo huachiwa maprofesa. Ada yake ni ndogo mbele ya fedha za wafadhili, lakini yampa haki ya kusimama mkutanoni na kuomba daftari la mapato lisomwe kwa sauti.