Mungu hamtupi mja wake, ila tusifunge mlango

Mwulize hali Mswahili yeyote wa London Jumapili baada ya ibada, jibu ni moja tu: "Mungu ni mwema." Anayejibu kavaa suti, mtoto kapendeza, na hakuna anayejua kuwa jana usiku mita yake ya umeme ya kujaza salio, ndugu wa LUKU ya kwetu, ilizima na familia nzima ikalala na makoti.

Hatutanii. Oktoba 2022 mfumuko wa bei hapa Uingereza ulifika asilimia 11.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 41. Majira yale ya baridi, ndugu mmoja tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja kanisani alipunguziwa zamu kazini. Kwa wiki kadhaa alikula mlo mmoja kwa siku ili watoto wapate miwili. Tulimsikia akiomba kwa machozi, tukaitikia amina, tukaenda zetu kunywa chai. Tulipokuja kujua, tulimwuliza kwa nini hakusema. Alijibu kuwa kuwaambia watu kungekuwa ni kukosa imani.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tunapotofautiana naye.

Andiko analolipenda kila mwenye dhiki ni Wafilipi 4:19, kwamba Mungu atawajaza watu wake kila wanachohitaji. Lakini tusome na mstari wa 18 unaotangulia. Paulo yuko kifungoni, na anashukuru kwa vitu alivyoletewa na Epafrodito kutoka kwa Wafilipi. Maana yake ni kwamba ahadi ile iliandikwa na mtu aliyekwisha kupokea mzigo kutoka mkononi mwa ndugu yake, na wala hakuona aibu kuutaja kwa maandishi. Kwa Paulo, Epafrodito na Mungu hawakuwa njia mbili za kupata riziki. Ilikuwa moja.

Tunao mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2000, katika mji wa Salisbury, Wakristo wawili, Paddy Henderson na mkewe Carol, walikuwa wakichangisha fedha kwa ajili ya watoto wa Bulgaria. Mama mmoja wa mjini hapo akampigia Paddy simu: wanawe wanalala njaa usiku ule, je, atafanya nini? Kutokana na simu hiyo wakaanzisha benki ya chakula katika kibanda cha bustani yao. Ndio mwanzo wa benki za chakula za Trussell, ambazo katika mwaka ulioishia Machi 2024 ziligawa vifurushi zaidi ya milioni 3.1 nchini kote. Hatujui imani ya mama yule ilikuwa kubwa kiasi gani. Tunachojua ni kwamba alifungua mdomo.

Wengi wetu tunaogopa hata hilo kwa sababu ya viza. Kweli, viza nyingi zina sharti la kutogusa fedha za umma. Lakini chakula cha benki hizi ni sadaka ya watu, si fedha za serikali. Mwulize daktari wako, mshauri wa raia au mchungaji jinsi ya kupata vocha. Njaa si kipimo cha wokovu.

Tuna neno pia kwa baadhi ya watumishi. Mama aliyebakiwa na pauni 20 anaambiwa "apande mbegu", na anayemwambia hutaja mjane wa Sarepta aliyempa Eliya unga wake wa mwisho. Someni 1 Wafalme 17 mpaka mwisho. Nabii hakuuchukua unga akaondoka nao. Alikaa kwenye nyumba ile ile, ndani ya njaa ile ile, na walikula pamoja kutoka pipa moja. Mhubiri aliye tayari kula ugali wa mama huyo mpaka mwisho wa mwezi, huyo amtajie Sarepta.

Na nyinyi wa nyumbani, tunawaomba jambo moja. Mtoto wenu anayebeba maboksi huku akisema mwezi huu hana, mwaminini. Wengine wanakopa ili watume, kwa kuogopa kuitwa wachoyo, halafu wanafunga na kuomba wakati friji ni tupu. Mwambieni apumzike mwezi mmoja, mkamwombee. Hiyo nayo ni riziki, na imetoka kwenu.

Hatusemi kwamba maombi hayatoshi, kana kwamba Mungu anahitaji msaada wetu. Tunasema Mungu akijibu, mara nyingi hutuma mtu, na mtu huyo hawezi kugonga mlango asioujua. Anayeficha dhiki yake anamnyima ndugu yake nafasi ya kutumwa. Na anayeishia kwenye amina kabla ya kuuliza, naye amekataa kutumwa. Yakobo alilisema wazi katika sura ya pili ya waraka wake: kumtakia mwenye njaa amani na shibe bila kumpa kitu hakumfai lolote.

Basi Jumapili ijayo, ndugu akikujibu kuwa Mungu ni mwema, mwitikie kwa moyo wote. Kisha mvute pembeni, umwulize kama mita yake ina salio.