Mgonjwa wa akili aelezwe dawa yake

Mkulima wa mpunga wa Michenga, nje kidogo ya Ifakara, akiugua akili na kurudishwa nyumbani na vidonge vya klopromazini, amepata silaha ya kweli. Dawa hiyo humtuliza, hupunguza sauti azisikiazo peke yake na kumrudishia usingizi. Lakini pia humlegeza mchana, hukausha kinywa na kuifanya ngozi yake iungue upesi juani. Asipoambiwa haya, siku atakaposinzia shambani na ngozi kubabuka atasema amepewa sumu, au amerogwa. Vidonge vitatupwa, ugonjwa utarudi, na jamaa zake wataanza kutafuta kamba ya kumfungia.

Wapo watumishi wa afya waaminifu wanaoogopa kwamba mgonjwa akitajiwa maudhi ya dawa ataikataa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si kunyamaza. Mtu huvumilia jambo aliloonywa. Lile lililomvizia hulikimbia.

Klopromazini ilipoanza kutumika Paris mwaka 1952, wagonjwa wengi wa akili duniani walikuwa wakifungiwa miaka na miaka. Dawa hiyo, na haloperidoli iliyoifuata, iliwawezesha wengi kurudi makwao. Haloperidoli nayo huweza kukakamaza mwili, kupinda shingo na kutetemesha mikono. Maudhi hayo yana tiba: daktari hupunguza kipimo, hubadili dawa au huongeza nyingine ya kulegeza misuli. Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na anayemeza lithiamu hana budi kupimwa damu mara kwa mara. Mgonjwa asiyeyajua hayo hawezi kurudi zahanati kwa wakati.

Ushahidi uko karibu. Mahenge, ng'ambo ya Mto Kilombero, Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kifafa si wazimu, ingawa mara nyingi hutibiwa katika kliniki za akili. Wagonjwa walikuwa wakitengwa kwa kuogopwa kuwa wataambukiza wengine. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, iliwapunguzia wengi degedege. Hata hivyo, dawa hiyo ikiachwa ghafla, degedege huweza kurudi mfululizo na kuua. Kwa hiyo bohari ikiwa tupu kwa majuma mawili, hilo si kosa dogo la makaratasi. Ni hatari kwa maisha ya mwananchi.

Wajibu huu si wa mganga peke yake. Mwalimu anayemwona mwanafunzi mwenye kifafa akisinzia darasani asikimbilie fimbo. Amwite mzazi, amshauri arudi kliniki kipimo kikaangaliwe. Ofisa anayeshughulikia maombi ya dawa ayapitishe kabla akiba haijakwisha. Kiongozi wa kijiji awaeleze wananchi kwamba kupata nafuu si ruhusa ya kuacha vidonge bila kumwona daktari.

Tangu Uhuru, taifa limewataja maadui wake watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mgonjwa anayepewa kidonge bila maelezo ameondolewa adui mmoja na kuachiwa mwingine, na huyo aliyebaki ndiye atakayemfungulia mlango yule aliyeondoka.