Bwayo Hakuazimwa Jina

Hoja iliyochapishwa kwamba "Bobi Wine: The People's President", filamu kuhusu mwanamuziki na mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, ni filamu ya wageni iliyopambwa kwa jina la Mganda haina miguu. Ni kweli kwamba Christopher Sharp, Mwingereza aliyezaliwa Uganda, ni mwongozaji mwenza, na National Geographic ndiyo iliyoisambaza. Lakini msambazaji hapigwi risasi. Moses Bwayo, mwongozaji Mganda wa filamu hiyo, alipigwa: risasi ya mpira, usoni, akiwa kazini na kamera yake. Aliwahi pia kukamatwa na kuwekwa ndani.

Mwandishi wa hoja hiyo analalamika kuwa filamu inampendelea Bobi Wine. Sawa, inampendelea. Kwani Rais Museveni, aliye madarakani tangu 1986, amekosa kamera za kumpendelea? Bwayo aliifuata familia ya Bobi Wine kwa miaka, ndiyo maana tunamwona mkewe Bobi Wine, Barbie, nyumbani kwao Magere akibeba hofu ya mke na mama, mbali na makelele ya jukwaani. Kuaminiwa hivyo hakununuliwi kwa dola.

Mwaka 2024 filamu hiyo ilifika fainali za Oscar, ikashindwa na "20 Days in Mariupol". Hakuna filamu ya hali halisi ya Uganda iliyokuwa imefika hapo.

Husemwa mcheza kwao hutunzwa. Bwayo alicheza kwao, akaishia kukimbilia Marekani na mkewe. Anayeudhiwa na pesa za wageni awaulize matajiri wa Kampala walitoa shilingi ngapi.