Sumu ya Makunyanzi na Haki ya Mgonjwa wa Kilosa

Siku hizi simu ya mkononi humfikishia mkazi wa Mikumi, pembezoni mwa barabara kuu iendayo Zambia, matangazo yaleyale ayaonayo mkazi wa Masaki. Mojawapo ni la sindano ya kuondoa makunyanzi, ijulikanayo kwa jina la Botox. Wapo wanaoishangilia kuwa ni maendeleo, na wapo wanaoilaani kuwa ni kuyakosoa maumbile. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimelisahau jambo la msingi: sindano hii ni dawa, na dawa ina masharti yake na ina wagonjwa wake.

Kiini chake ni sumu inayozalishwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Ikiingia mwilini kwa njia ya chakula, huweza kulegeza misuli hata ile ya kupumulia. Jirani zetu wa Kenya wanaijua: mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya mlipuko uliotokea huko baada ya watu kula mchwa. Hata hivyo, ikichomwa kwa kipimo kidogo mno katika msuli uliokusudiwa, huzuia amri ya neva, msuli ukalegea kwa miezi mitatu hivi au minne.

Aliyeigeuza kuwa tiba, Dkt. Alan Scott wa San Francisco, alikuwa akitafuta dawa ya makengeza. Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba bila hiari. Idhini ya makunyanzi ilikuja mwaka 2002. Leo hutumika pia kwa kipandauso sugu, kwa viungo vilivyokakamaa baada ya kiharusi, na kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Urembo ulifika nyuma, ukakalia kiti cha mbele.

Kuhusu usalama, mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti wanawake 22 katika majimbo 11 waliodhurika kwa sindano bandia au zilizochomwa na wasio na sifa. 11 kati yao walilazwa hospitalini. Ikiwa hayo yametokea kwenye udhibiti wa muda mrefu, sisi tunajilinda kwa lipi? Hapa nchini, tangu mwaka 2019, vipodozi viko chini ya TBS na dawa ziko chini ya TMDA. Basi anayeichoma sindano hii sebuleni au saluni, akiiita huduma ya urembo, anauza dawa kwa jina la kipodozi. Mteja ana haki ya kuuliza: wewe ni tabibu? Dawa hii imesajiliwa? Imehifadhiwa kwenye ubaridi unaotakiwa? Na akiona kope zinaanguka, kumeza kunakuwa kugumu au pumzi inabana, hata baada ya siku kadhaa, aende hospitali mara moja.

Lakini linalonisumbua zaidi ni mgawanyo. Mwenye fedha akikerwa na mikunjo ya paji la uso, dawa humfuata. Mzazi wa Kilosa aliyembeba mgongoni mtoto mwenye miguu iliyokakamaa huenda hajawahi hata kuambiwa kwamba dawa hiyohiyo, ikiambatana na mazoezi ya viungo, inaweza kumlegezea mwanawe misuli.

Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wanaopanga mafao yake wajiulize kama mtoto huyo wamemhesabu. Wakaguzi nao waifuate sindano hii hadi saluni. Makunyanzi yanaweza kusubiri. Kiungo cha mtoto anayekua hakisubiri.